Uzi: Unataka kusomea urolojia na uko Mombasa? Pitia hapa kabla hujajaza fomu

DaktariWaKisiwani

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Wiki hii madaktari vijana watatu wameniuliza swali moja, wa mwisho tukiwa tumebanana kwenye feri ya Likoni: "Daktari, nataka kuwa bingwa wa mambo ya mkojo, nianzie wapi?" Feri ilitia nanga sijafika hata nusu ya jibu. Iliyobaki naiweka hapa, na wanaojua zaidi yangu waongeze.

Mimi ni daktari wa urolojia, yaani upasuaji wa mfumo wa mkojo: figo na mirija yake, kibofu, tezi dume na viungo vya uzazi vya mwanamume. Nilimaliza shahada ya kwanza, nikafanya mwaka wangu wa intani, nikazunguka hospitali za Pwani miaka kadhaa kama daktari wa kawaida, kisha nikaenda hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, kwa miaka 4.

Kabla ya vyuo, njooni kwanza kliniki. Fika asubuhi moja uangalie benchi la nje. Wazee wamekaa kimya, na kila wa pili ana mfuko wa mkojo aliouviringisha kwenye leso ya mkewe ili usionekane. Mpira ule wa kutolea mkojo aliwekewa usiku mkojo ulipoziba, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Sasa ni mwezi wa sita. Yupo mmoja aliyeacha kwenda msikitini. Shekhe amemwambia udhuru wake unakubalika, atawadhe kila unapoingia wakati wa swala, lakini mwenyewe haoni raha kusimama safuni na mfuko mguuni. Tezi dume yake iliyovimba na kuziba mkojo ingepunguzwa kwa kamera kwa muda usiofika saa moja. Anachongoja ni zamu, na zamu haifiki kwa sababu mikono ya kuifanya kazi hiyo ni michache.

Basi anayeniambia anataka kusomea urolojia, namwona yule mzee nyuma yake. Ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Njia kubwa za ukanda wetu ni mbili. Ya kwanza ni MMed, shahada ya uzamili ya chuo. Moshi wana Taasisi ya Urolojia ndani ya KCMC, na unasoma urolojia tangu mwanzo hadi mwisho, miaka 4. Dar es Salaam hufundishwa chuo cha Muhimbili. Kwetu Nairobi, mafunzo yako Hospitali ya Kenyatta chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Njia ya pili ni COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, ya Kati na ya Kusini, kilichoanzishwa 1999 na makao yake makuu yako Arusha. COSECSA haina darasa la kukalia. Unaajiriwa kwenye hospitali waliyoikagua na kuikubali, unafanya kazi chini ya mabingwa, unajaza daftari la upasuaji, na unafanya mitihani. Miaka 2 ya mwanzo ni ya misingi ya upasuaji wote, ndipo unaingia urolojia yenyewe. Kwa jumla usihesabu chini ya miaka 5.

Watu wa hapa husahau ramani. Moshi iko karibu na Mombasa kuliko Nairobi. Unapanda gari hadi Voi, unakata kushoto kwenda Taveta, unavuka mpaka Holili, na kabla jua halijazama unauona Kilimanjaro. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa nikija kwa mama Idd zote mbili.

Maswali karibuni.

IntaniWaBara

Asante sana daktari. Nimemaliza intani mwezi uliopita. Swali langu: kati ya MMed na COSECSA, cheti kipi kina uzito zaidi? Nimeuliza wakubwa zangu na kila mmoja anavutia upande aliosomea yeye.

DaktariWaKisiwani

Mdogo wangu, mgonjwa akilala pale mezani hasomi cheti chako. Hilo nakuambia nikimaanisha. Ukienda kutazama chuo au hospitali, usikae na mkuu wa idara peke yake. Mtafute anayemaliza mwaka huu, mwombe kwa adabu akufungulie daftari lake la upasuaji. Tazama safu mbili tu: aliyoisaidia, na aliyoifanya kwa mkono wake. Ukiona mtu yuko mwaka wa mwisho na safu ya kwanza imejaa kurasa huku ya pili ina mistari ya kuhesabika, hapo utatoka na joho zuri na mikono mitupu.

Ngoja nikueleze kwa nini nasisitiza mikono. Upasuaji wa tumbo, mwalimu wako yuko mkabala nawe, mnaona jeraha moja, mkono wake unaweza kushika wako. Kupunguza tezi dume kwa kamera hakuko hivyo. Chombo kinapita njia ya mkojo, ni chembamba kuliko kidole chako cha mwisho, na mbele yake kuna kitanzi cha waya kinachopita umeme. Unakata vipande vidogo kama vya nyama ya mshikaki mbichi, huku maji yakipita bila kusimama ili uone. Kuna kilima kidogo ndani ambacho sisi tunakiita veru. Hapo ndipo mpaka. Ukikata kuvuka veru unaugusa msuli unaozuia mkojo, na mzee uliyetaka kumwondolea mpira atavuja maisha yake yote. Ukikata kwenda nje sana unaona nyuzi za ganda la tezi, na ukiona mafuta ya manjano yanameremeta umeshatoboa.

Hayo yote yako kitabuni. Kwenye skrini damu inatoka, maji yanakuwa kama juisi ya ukwaju, na veru huioni tena. Mwalimu hawezi kukushika mkono kwa sababu mwenye chombo ni wewe. Lazima uwe umekwisha kupotea mara nyingi, ukarudi nyuma, ukaitafuta veru tena ukaanza upya, hadi mkono ujue wenyewe.

Na kuna hili la mazungumzo. Mgonjwa hupigwa ganzi ya mgongo, yuko macho. Tukitumia mashine ya zamani, maji ya kuoshea huwa ya glaisini, si ya chumvi, na mengine hunyonywa na mishipa iliyo wazi, sodiamu, yaani chumvi ya damu, ikashuka na akili ikaanza kuchanganyikiwa. Tulifundishwa tusizidishe saa moja. Mwalimu wangu alikuwa na sharti lake zaidi ya hilo: ukikata, ongea na mzee. Siku moja nilikuwa na babu wa Marangu, ananieleza habari za mikahawa yake, ekari ngapi alimwachia kijana gani. Anaeleza vizuri, nami nakata. Mara akapiga miayo, akaniuliza jina langu. Nikamjibu. Baada ya muda mfupi akaniuliza tena jina langu. Mwalimu alikuwa kwenye kona anaandika. Hakuinua hata kichwa, alisema neno moja: "Simama." Nikachoma mishipa iliyokuwa ikivuja, nikatoa chombo, tukapima sodiamu, kweli imeshuka. Babu alikaa wodini siku mbili zaidi na akapona. Mashine mpya zinatumia maji ya chumvi na hatari hiyo imepungua sana, lakini hadi leo nikiwa kazini lazima mzee wangu anieleze habari za shamba lake.

Cheti gani kinakupa hayo? Popote palipo na wagonjwa wengi na mwalimu anayekaa kwenye kona.

NesiMstaafu_Kisauni

Daktari, mimi si daktari, nimefanya kazi wodi ya wanaume karibu maisha yangu yote. Nataka hawa watoto waniruhusu niseme kuhusu mpira, maana bingwa huanzia hapo.

Mpira wa mkojo wa mwanamume usiuingize kwa haraka. Tia jeli ya ganzi ndani ya njia, mililita 10 mpaka 15, si kupaka ncha tu. Kisha ngoja. Dakika tatu, tano, ongea naye, muulize watoto wake. Shika uume wima. Ukifika mahali pagumu, usisukume! Mwambie avute pumzi, aachie mwili, jaribu taratibu. Ingiza mpira wote mpaka kwenye uma wake, pale unapogawanyika, uone mkojo kwanza, ndipo ujaze puto la kuushikilia ndani ya kibofu. Na puto lijazwe maji safi ya sindano, maana maji ya chumvi huganda humo ndani na siku ya kutoa linakataa kunywea. Asiyetahiriwa, rudisha ngozi yake mbele ukimaliza.

Wangapi nimewaona wanafika wodini wanavuja damu kwa sababu ya kijana aliyekuwa na haraka.

DaktariWaKisiwani

Shikamoo mama. Nitasema jambo ambalo sijawahi kuliandika popote.

Mmoja wa vijana hao ni mimi. Mwaka wangu wa kwanza baada ya intani, hospitali sitaitaja, usiku, niko peke yangu. Akaletwa baba wa makamo, dereva wa lori, kibofu kimejaa hadi kitovuni. Nikachukua mpira, ukakwama, nikasukuma. Mkojo sikuuona, nikajiambia labda jeli imeziba, nikajaza puto. Lilikuwa bado ndani ya njia. Ule ukelele wake nausikia hadi leo. Damu ikaja, mpira nikautoa, na nilichofanya baadaye ni kumpigia simu mkubwa wangu aliyekuja kumtoboa chini ya kitovu, mkojo ukatoka. Kovu likaziba njia. Miaka miwili yule baba alipanuliwa njia mara kwa mara, mwishowe akapelekwa kufanyiwa upasuaji wa kuikata sehemu ya kovu na kuunga upya.

Nilimfuata nikamwomba radhi. Akaniambia, "Basi jifunze." Fomu ya Moshi niliijaza mwaka ule ule.

Kila neno aliloandika mama hapo juu linakiliwe kwenye daftari. Mimi nalifundisha hivyo hivyo, hata la kuuliza habari za watoto.

Rejista_wa_COSECSA

Niongeze kidogo upande wetu. Mimi niko mwaka wa nne, hospitali ya misheni, nchi jirani. Faida kubwa ni kwamba unalipwa mshahara kwa sababu wewe ni mfanyakazi. Ubaya ni huo huo: wewe ni mfanyakazi. Zamu ya usiku ikikosa mtu ni wewe, na kusoma kutasubiri. Sisi mabingwa wa urolojia tulio nao ni mmoja. Akienda likizo, mafunzo yanakwenda likizo naye. Kwa hiyo, anayefikiria njia hii aulize mabingwa ni wangapi, na vifaa vipi vinafanya kazi leo, si vilivyo kwenye orodha ya stoo. Kamera iliyoharibika mwaka mzima ni mwaka wako umepotea.

Mtihani wa mdomo na wa vitendo hufanywa mara moja kwa mwaka, kuelekea mwisho wa mwaka, na nchi hubadilika, kwa hiyo weka akiba ya nauli.

Na vijiwe vya figo msisahau! Kwenye joto watu wanatoka jasho, maji hawanywi, vijiwe vinajaa. Nimejifunza huku kuweka stenti, ule mrija laini wenye mkunjo kila upande, kutoka figo mpaka kibofu. Kuiweka ni rahisi. Kazi ni kukumbuka kuitoa. Tulimpokea mama aliyewekewa mahali pengine, hakuna aliyemwambia kuna kitu ndani, akaja baada ya miaka mitatu na mrija umejaa mawe kama nanga ya jahazi. Tangu hapo tuna daftari la stenti, jina, simu ya mgonjwa na ya jirani yake.

BintiKongowea

Daktari samahani, mimi ni daktari mwanamke, nina mtoto wa miaka miwili. Kila nikitaja urolojia naambiwa "wewe utawatazamaje wazee wa watu?" Hata nyumbani wamenicheka. Je, niendelee au nigeukie tiba ya watoto kama wanavyotaka?

DaktariWaKisiwani

Dada, endelea.

Nikujibu la wazee kwanza. Mzee aliyezibwa mkojo kwa muda wa saa kumi na mbili haulizi aliyekuja kumfungua ni mwanamume au mwanamke. Anataka kufunguliwa. Akishapona anakuombea dua na watoto wako.

Halafu kuna wagonjwa ambao wewe utawafikia na mimi sitawafikia. Wapo akina mama wanaovuja mkojo baada ya uzazi wa shida, mtoto alikaa njiani siku mbili, kibofu kikatoboka kuelekea ukeni. Hiyo ndiyo fistula. Wengi huku kwetu wamejifungia ndani miaka, na kuja kumvulia nguo daktari mwanamume ni mlima wa pili baada ya ule wa kutoka nyumbani. Wapo wasichana wenye mkojo wa damu wanaoona haya kumwambia hata baba. Pwani inakuhitaji wewe hasa.

La mtoto sitalipamba. Mwaka wa kwanza na wa pili ni mgumu, simu za usiku ni nyingi. Mwenzangu wa darasa alikuja Moshi na mama yake mzazi, akapanga nyumba karibu na geti la hospitali, mtoto akalelewa hapo. Kaeni na mume mzungumze kabla ya fomu, si baada ya barua ya kukubaliwa.

MjukuuWaMzee

Mimi si wa fani yenu, nimeingia kwa sababu babu yangu ana mpira mwezi wa tano. Huyo bingwa mnayemzungumzia anapatikanaje? Sisi tuko Kinango.

DaktariWaKisiwani

Kaka, nitumie ujumbe pembeni, nitakuelekeza siku ya kliniki na karatasi za kuja nazo. Usiandike jina la babu hapa. Wakati huo mpira ubadilishwe, usikae miezi mitano ni ule ule, na anywe maji. Akipata homa na kutetemeka usingoje siku ya kliniki, mlete usiku huo huo.

Umetaja Kinango, nami nimekumbuka nililotaka kuwaambia madaktari. Kwale, Kilifi, Tana River, huko kuna kichocho cha mkojo. Mtoto anaoga bwawani, mdudu anapenya ngozi, anaishia kwenye mishipa ya kibofu. Akiwa na miaka kumi anakojoa damu na wenzake wanamwambia amekuwa mkubwa. Vidonge vya prazikwanteli vingemtosha. Asipovipata, mayai yanabaki kwenye ukuta wa kibofu. Ukiingiza kamera unaona madoa ya manjano hafifu, kama mchanga wa Nyali uliomwagwa juu ya ngozi nyekundu. Mirija ya figo inakakamaa, figo zinavimba, na baada ya miaka mingi saratani ya kibofu inaweza kuja, tena aina ya seli bapa, si ile inayojaa kwenye vitabu vya Ulaya.

Sasa nieleze, ukisomea mahali ambapo mchanga ule haujaonekana, utaujuaje siku utakapoukuta?

IntaniWaBara

Hapo nilikuwa nataka kuuliza, maana mjomba wangu yuko Ujerumani na anasema niende huko. Wengine wanasema India.

DaktariWaKisiwani

Si vibaya. Ujerumani mafunzo ya urolojia ni miezi 60, unalipwa, lakini lugha yao lazima uijue mpaka uweze kugombana nayo. Uingereza ni njia ndefu yenye mtihani wa ubingwa wa urolojia, FRCS, mwishoni. India kwa kawaida unamaliza kwanza upasuaji wa jumla miaka 3, kisha MCh, shahada ya ubingwa wa urolojia, miaka mingine 3. Marekani urolojia ina mchujo wake peke yake na nafasi zake wanazigombania hata wao. Na Misri ipo: Mansoura kuna kituo cha figo na mkojo kilichofunguliwa 1983, Profesa Mohamed Ghoneim ndiye aliyekiongoza tangu mwanzo, na madaktari wengi wa Afrika wamepita hapo. Ukimaliza huku kwetu ukapata miezi sita ya pale, ni kheri kubwa.

Rai yangu: jenga mikono hapa, kisha nenda nje kwa jambo moja mahsusi usiloweza kulipata hapa, kama kutoa vijiwe vya figo kwa tundu la mgongoni, au kuunga njia ya mkojo. Na kabla ya kulipa ada popote nje ya Kenya, iandikie KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, uulize kama shahada hiyo wataitambua. Jibu liwe la maandishi, uliweke.

RejistaAliyechoka

Na pesa jamani, mbona hakuna anayesema? Mimi nilipewa likizo ya masomo na kaunti, sitaitaja. Nikatia saini bondi ya kurudi kuwatumikia. Mwaka wa pili mshahara ukakatika miezi minne, kila nikienda ofisini naambiwa faili liko kwa fulani. Nikafanya zamu za usiku hospitali za binafsi, asubuhi nasinzia wodini. Kisha ukaja mgomo wa 2024, siku 56, na daftari langu la upasuaji likabaki lilipo. Sijutii kusoma. Najuta kwamba barua ya likizo sikuisoma hadi mwisho.

DaktariWaKisiwani

Pole sana ndugu yangu, na asante kwa kuliandika. Hili ni kosa lao na linaumiza mgonjwa kabla ya kukuumiza wewe, maana daktari anayesinzia ndiye anayeshika kitanzi cha umeme.

Wenye kufuata njia ya kaunti: hakikisheni barua inasema mshahara utaendelea miaka yote ya masomo, nani analipa ada, na bondi ni ya miaka mingapi. Nakala tatu, moja kwa mzazi. Wekeni akiba ya miezi sita mkiweza. Mimi sikuweza, nilisaidiwa na kaka yangu mwenye duka Majengo, na sitaisahau fadhila yake.

IntaniWaBara

Nimeamua, daktari. Jumatatu ijayo napanda gari kwenda Moshi kutazama kwa macho yangu. Nibebe nini?

DaktariWaKisiwani

Beba vyeti na leseni yako, sweta, na daftari tupu. Nitakupa jina la mtu anayemaliza mwaka huu, mfuate wodini saa moja asubuhi, siyo ofisini. Muulize zile safu mbili.

Lakini kabla hujaenda, Alhamisi kuna wazee watatu kwenye orodha yangu, na nimekwisha kumwomba mkuu wa thieta akuruhusu kuingia. Njoo saa moja kasoro. Utakaa upande wa kichwani na kazi yako itakuwa moja tu, kuongea nao. Wa kwanza ni mvuvi wa Mtwapa. Muulize habari za bahari, na akikuuliza jina lako mara mbili, niambie.